Mămăligă na sarmale: karamu ya Kiromania katika jiko la Nairobi

Unga wa mahindi, maji, chumvi na mwiko: hiyo ndiyo mămăligă, chakula ambacho Mromania hukijua tangu utotoni kama sisi tunavyoujua ugali. Mwenzake mkubwa ni sarmale, yaani nyama ya kusaga na mchele vilivyoviringishwa ndani ya majani ya kabichi iliyochachushwa. Sarmale hazikosekani Krismasi, na kwenye arusi huletwa usiku ukiwa umekwenda sana, wageni wakishacheza mpaka njaa ikarudi. Ukiwa unapanga safari ya București (Bukaresti, mji mkuu wa Romania) au mji wa Sibiu, au una mgeni Mromania hapa mjini, vyote viwili vinapikika kwa vitu vya soko la Nairobi. Ila mkono uliozoea ugali utaiharibu mămăligă usipoudhibiti, na haraka itaziharibu sarmale.

Anza na kabichi, maana ndiyo inayohitaji wiki.

Kabichi nyingi zinazoshushwa Marikiti zimekazana sana. Zinafaa kukatakata, lakini majani yake hupasuka ukijaribu kuyabandua. Tafuta zilizobapa, zinazobonyea kidogo ukizibana kwa mikono miwili, za kilo 1.2 hadi 1.5 kila moja. Kabichi 5 zinatosha ndoo ya lita 20. Hakikisha ni ndoo iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Iliyowahi kubeba rangi au sabuni haifai hata uisugue vipi. Chimba kikonyo cha kila kabichi kwa kisu chembamba, ujaze kishimo hicho kijiko kikubwa kimoja cha chumvi, kisha uzipange zikiwa zimebanana, vishimo vikitazama juu.

Chemsha lita 10 za maji na gramu 400 za chumvi, uyaache yapoe kabisa kabla ya kuyamimina. Kuchemsha huondoa klorini ya maji ya mfereji. Kumimina yakiwa bado moto huua bakteria wanaoleta uchachu. Waromania husisitiza chumvi ya mawe isiyo na iodini. Hapa sheria inataka chumvi ya mezani iwe na iodini, na kabichi huchachuka nayo vilevile, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Tia mabua ya shibiti, yaani dill (soko la City Park, Parklands, ukikosa kueleweka waulize suva), matawi ya thaimu na konzi moja ya mahindi makavu, ambayo huko hutiwa ili maji yapate rangi ya dhahabu. Gandamiza kwa sahani nzito yenye chupa ya maji juu yake. Jani likichungulia nje ya maji litaota ukungu.

Kuna hatua ambayo mapishi mengi ya mtandaoni huiruka. Tangu siku ya 3, kila baada ya siku mbili, chota au fyonza kwa mpira maji ya chini ya ndoo uyamwage tena juu. Chumvi hutuama chini, na maji yasiyotikiswa huanza kuwa mlenda. Katika ghala baridi la Kiromania kazi hii huchukua mwezi mmoja au zaidi. Kwenye joto la Nairobi hesabu wiki 3, na miezi ya Februari na Machi anza kuonja mapema. Iko tayari jani likiwa la manjano, linapitisha mwanga, na lina uchachu safi mdomoni. Utando mweupe juu ya maji unauengua tu. Ukungu wa waridi au mweusi, au harufu ya kuoza, mwaga yote. Kabichi ikilegea mno, chumvi ilikuwa kidogo au ndoo ilikaa penye joto.

Usipokuwa na wiki 3, igandishe kabichi mbichi kwenye friza usiku kucha, iyeyuke, kisha ichemshe kidogo katika lita 3 za maji yenye mililita 150 za siki nyeupe na vijiko 2 vya chumvi, ukibandua majani kadiri yanavyolainika. Baadaye utatia vijiko 3 vya maji ya ndimu kwenye sufuria. Hata Waromania hupika sarmale za kabichi mbichi. Zitakuwa tamu, ila si zile za Krismasi.

Sasa nyama. Kwa watu 6, upate takriban sarmale 30, nunua kilo 1: gramu 700 za nguruwe, gramu 300 za ng'ombe. Mwambie mwenye bucha achanganye bega na tumbo, asage mbele yako. Nyama ya kusaga isiyo na mafuta, ambayo wengi huiona ndiyo nzuri, hutoa sarmale kavu na ngumu. Unataka mafuta karibu robo. Kwa wasiokula nguruwe, tumia ng'ombe na mafuta kidogo ya kondoo.

Kaanga vitunguu 3 vilivyokatwa vidogo kwenye vijiko 4 vya mafuta mpaka vilainike bila kubadilika rangi. Ongeza gramu 150 za mchele uliooshwa, ukoroge dakika moja, kisha vijiko 2 vya nyanya ya kopo na kijiko kikubwa cha paprika isiyowasha. Ipua ipoe. Changanya na nyama pamoja na kijiko kikubwa cha thaimu kavu, fungu la shibiti iliyokatwakatwa, kijiko kidogo cha pilipili manga na mililita 100 za maji. Chumvi usizidishe kijiko kidogo kimoja kabla ya kuonja jani la kabichi likiwa bichi. Likiwa na chumvi kali, loweka majani saa 1 hadi 2. Mchele wa punje fupi ndio unaofaa. Pishori ni mchele wa heshima, lakini hapa harufu yake hushindana na shibiti.

Punguza mshipa mnene wa kila jani kwa kisu mpaka ulingane na jani lenyewe. Weka mchanganyiko wenye unene wa kidole, karibu gramu 50, kunja upande mmoja, viringisha, kisha sukuma ncha iliyobaki ndani kwa kidole gumba. Acha nafasi kidogo, maana mchele utavimba, iliyokazwa hupasuka. Eneo la Moldavia husifia sarmale ndogondogo, Transilvania huzifanya kubwa zaidi.

Chombo cha asili ni chungu cha udongo, na hicho tunacho. Kiloweke maji kwanza kama hakijapakwa rangi ya kung'aa. Tandaza chini kabichi iliyokatwakatwa na matawi ya thaimu, panga sarmale kwa mzunguko, pachika katikati vipande vya mbavu za nguruwe zilizokaushwa kwa moshi au bekoni nene, punje za pilipili manga na majani 3 ya bay (bay leaf). Mimina nusu lita ya maji ya nyanya, kisha maji ya moto mpaka yazidi sarmale kwa upana wa kidole. Funika kwa majani yaliyobaki, halafu mfuniko.

Kuhusu muda, usiamini kitabu kilichoandikwa București. Mji ule uko chini, hauzidi mita 100 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Palipoandikwa saa 2 na nusu, weka saa 3 na nusu. Moto uwe mdogo kiasi cha kusikia mchemko wa hapa na pale. Kwenye jiko la makaa, funika makaa kwa majivu. Usikoroge hata mara moja. Tikisa chungu, na kila baada ya dakika 40 angalia maji, ukiongeza ya moto tu. Sarmale iliyoiva hukatika kwa ubavu wa uma. Zipike siku moja kabla ya wageni: zikilala kwenye friji na kupashwa polepole, huwa tamu kuliko zilipotoka jikoni.

Mgeni wako akiwa Mwothodoksi anayefunga, muulize mapema. Mfungo wa Krismasi huanza tarehe 15 Novemba hadi 24 Desemba, bila nyama, maziwa wala mayai. Kwake tengeneza za gramu 300 za mchele, gramu 400 za uyoga uliokaangwa na karoti 2 za kukwaruza, na mămăligă yake usiitie siagi.

Mămăligă inapikwa mwisho, wageni wakiwa wamefika. Mahindi yalifika nchi za Waromania karne ya 17 na kuchukua nafasi ya mtama mdogo uliokuwa ukisongwa hivyohivyo. Kilikuwa chakula cha maskini, na karne ya 19 vijiji vilivyokula mahindi karibu peke yake viliteswa na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini ya niasini. Leo kimepanda hadi mikahawa ya kifahari.

Unga uwe wa njano na wa chengachenga. Ule wa pakiti, wa Kiitaliano, uko kwenye maduka makubwa lakini bei yake ni kali. Njia nyingine ni kupeleka mahindi ya njano posho mill na kuomba yasagwe kwa ukubwa. Usinunue mahindi ya njano ya chakula cha kuku. Hayachaguliwi kwa ajili ya binadamu na sumukuvu haionekani kwa macho. Unga mweupe laini wa ugali huiva haraka, lakini mămăligă yake hunata na kukosa ile chenga inayotakiwa.

Kwa lita 2 za maji tia vijiko vidogo 2 vya chumvi na gramu 500 za unga, basi. Maji yakipata moto, kabla hayajachemka, nyunyiza konzi moja. Hiyo huzuia madonge. Yakichemka, mwaga unga uliobaki kama manyunyu ukikoroga. Punguza moto. Hapo mkono wa ugali utakuambia ni uji, ongeza unga. Usiongeze. Koroga kila dakika 2 au 3 kwa dakika 40, na utaona inajikusanya yenyewe. Tia gramu 50 za siagi, kusanya kingoni kwa mwiko uliolowa, kisha iache dakika 3 motoni bila kuigusa ili mvuke uibandue chini. Pindulia kwenye ubao wa mbao. Baada ya dakika 5 itasimama. Ikate kwa uzi: upitishe chini, uuvute juu. Kisu hunata.

Pembeni weka jibini ya chumvi. Feta ya hapa nchini inakaribia telemea yao. Krimu chachu, smântână, huipati kirahisi, ila mala iliyochujwa kwa kitambaa safi kwenye friji kwa saa 6, ikachanganywa na krimu nzito kiasi kilekile, itampendeza Mromania. Pilipili mbichi ndefu iwe nzima, ya kung'atwa kati ya tonge na tonge. Kabla ya kula husemwa „Poftă bună” (mlo mwema), wakimaliza, wengi humwambia mama aliyepika „Sărut mâna pentru masă” (nabusu mkono kwa chakula).

Kwa atakayesafiri: Romania iko kamili ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, tangu tarehe 1 Januari 2025, hivyo mwenye pasipoti ya Kenya ataomba viza ya Schengen. Nenda Oktoba au Novemba, msimu ambapo kabichi za mapipa hujaa sokoni. Masufuria ya chuma na mapipa ya zamani utayaona Muzeul Satului (Makumbusho ya Kijiji), București, iliyofunguliwa 1936, na makumbusho ya wazi ya ASTRA, Sibiu. Ukitaka vyungu na sahani, fika Horezu, ambako ufinyanzi wake wenye picha ya jogoo uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2012. Nyama na maziwa ya kutoka Kenya usifungashe. Umoja wa Ulaya huvikataa mpakani.

Mămăligă iliyobaki iviringishe ikiwa bado vuguvugu, madonge ya ukubwa wa ngumi yenye feta katikati. Kesho yachome juu ya makaa au kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa dakika 20, mpaka yapate ukoko. Hiyo huitwa bulz, chakula cha wachungaji wa milima ya Carpathia. Uifunge vizuri feta ndani, kwani ikivuja huungua kabla ukoko haujashika.