Mchana Mmoja Kando ya Mto Sanje na Usiku Mmoja Mang'ula: Mwongozo kwa Wasafiri Wawili

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 kusini mwa Mikumi, Tanzania, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, ni hifadhi ya kutembelewa kwa miguu, wala si ya kukaa garini na kusubiri simba apite. Watu wawili wanaotaka kutembea kando ya mto mchana na kulala hemani usiku watafaa kuanza na njia ya maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka kwa ngazi tatu zenye kimo cha takriban mita 170 kwa jumla. Kwa anayetoka Mikumi, akishavuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, kijiji cha Sanje hutangulia, na Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, hufuata kilomita chache mbele.

Chagueni miezi ya kiangazi, yaani kuanzia Juni hadi Oktoba. Wakati wa masika njia huteleza na mawe ya mtoni hufunikwa. Maporomoko hupendeza zaidi yakiwa yamejaa, nakubali, lakini uzuri huo ni afadhali kuutazama kwa mbali. Malipo ya hifadhi hayafanywi kwa fedha taslimu, kwa hiyo hakikisheni simu au kadi ya benki ina salio kabla ya kufika getini, na mjiandikishe mapema mpate mwongozaji wa kufuatana nanyi msituni.

Ufungaji wa mizigo ndipo safari ya wawili inapotofautiana na ya mtu mmoja. Gawaneni vitu vizito: mmoja abebe hema, mwingine sufuria, jiko dogo la gesi na chakula. Vitu vya kuokoa maisha, hata hivyo, havigawanywi. Kila mmoja awe na tochi yake, filimbi, koti la mvua, lita 2 za maji, dawa za huduma ya kwanza na kiberiti ndani ya kikopo kisichopitisha maji. Nilijifunza hili la kiberiti kwa gharama ya chakula cha jioni: mimi nilidhani kiko kwa mwenzangu, naye akadhani kiko kwangu, tukaishia kutafuna karanga na ndizi mbivu huku kilo nzima ya mchele wa Kilombero ikitutazama. Tangu siku hiyo kabla ya kuondoka humwaga vitu vyote juu ya mkeka, tukavitaja kimoja kimoja kwa sauti, na kila kinachotajwa kinaonekana kwa macho kabla hakijarudi begini.

Anzeni kupanda saa 2 asubuhi. Mzunguko wa Sanje huchukua takriban saa 4, na ni busara kuongeza saa 2 za kupumzika, kuogelea na kutazama wanyama, kwa kuwa msitu huu ndio makazi ya mbega mwekundu wa Udzungwa na ya mangabei wa Sanje, kima ambaye wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1979. Kumbukeni pia kwamba njia hii iko upande wa mashariki wa milima, hivyo jua huzama nyuma ya vilele mapema kuliko saa inavyoonyesha, na chini ya miti giza huingia upesi zaidi. Aliye mzito wa mwendo atangulie, mara tu baada ya mwongozaji. Akiwekwa nyuma atakimbizana na wenzake siku nzima, na kila akiwafikia watakuwa wamekwisha pumzika na wanataka kuondoka.

Mto wenyewe usomeni kabla ya kuugusa. Mnapoketi kando yake, chomekeni kijiti pale maji yanapoishia, kisha mkitazame kila baada ya dakika kadhaa. Kijiti kikianza kumezwa, au maji maangavu yakageuka rangi ya chai ya maziwa na kuleta majani na vijiti, mvua imenyesha juu mlimani hata kama kwenu anga ni jeupe. Ondokeni papo hapo mpande juu, wala msirudi kufuata kandambili.

Ikibidi kuvuka kijito, vukeni mkiwa na viatu, kwa sababu jiwe lenye ukungu haliheshimu unyayo mtupu. Fungueni mikanda ya begi ya kifuani na kiunoni, ili atakayeanguka aweze kulivua mara moja. Mwenye nguvu asimame mbele akielekea maji yanakotoka, huku ameshika fimbo. Wa nyuma amshike mabegani, kisha wasogee pamoja hatua za kando, fupi fupi. Maji ya kasi yakizidi magoti, rudini. Maji ya kunywa yachemsheni au yatieni dawa, hata yakionekana safi kama ya chupa. Huko bondeni epukeni kuoga penye maji yaliyotuama, kwani konokono wa kichocho hupenda mahali pa namna hiyo.

Hema hupigwa katika kambi zilizotengwa na hifadhi huko Mang'ula, si popote panapovutia. Rudini kabla ya saa 10 jioni ili mlisimamishe kungali na mwanga, kwenye ardhi iliyoinuka, mbali na ukingo wa maji na mbali na tawi lililokauka. Kabla ya kutandaza turubai, piga magoti uitazame ardhi kwa makini. Mstari mweusi mwembamba unaotembea kama uzi unaovutwa ni siafu, na hema likiwa njiani mwao hawatalizunguka kwa adabu. Zipu ibaki imefungwa muda wote, na chakula kikae ndani ya chombo chenye mfuniko, maana nyani hujua kufungua mfuko wa mkate. Bonde la Kilombero lina mbu wengi wa malaria; vaeni mikono mirefu jua likizama, na mjipake dawa ya kufukuzia mbu hata kama mtalala ndani ya chandarua cha hema.

Asubuhi kung'uteni viatu kabla ya kuvivaa. Anikeni hema likauke umande wakati chai inachemka, kwa kuwa likikunjwa bichi litaota ukungu ndani ya siku chache. Takataka zote, hata maganda ya machungwa, zirudi begini, kisha mpite getini kuagana na askari wa zamu ili ajue kwamba wawili walioingia jana wametoka wote wawili.