Somo: Kuunda na kupaka rangi gari la Mirihi kwa kipimo cha 1:24

Gari letu ni la kubuni, la magurudumu sita. Halitoki kwenye boksi la kiwandani, tunaliunda kwa plastiki za mtaani.

1. Kipimo. Anza na mtu, gari baadaye. Kwa 1:24, yaani kila kitu kinapunguzwa mara 24, mtu wa sentimita 175 anabaki na sentimita 7.3. Mchore, umkate, kisha mlango, ngazi na kiti vimfuate yeye. Kigari cha kwanza kuendeshwa na binadamu mwezini, mwaka 1971, kilikuwa na urefu wa mita 3.1, yaani sentimita 13 tu kwetu. La kwetu lina chumba cha kulala, nimelipa urefu wa sentimita 30.

2. Plastiki. Geuza chombo usome namba ndani ya pembetatu. Namba 2 na 5, yaani madumu na ndoo, achana nazo: gundi haishiki na rangi inabanduka. Namba 6 iliyo ngumu, si ya povu, inafaa. Bomba la PVC nalo linafaa, pia maganda ya televisheni mbovu ambayo mafundi wa Kariakoo huyatoa kwa bei ya maelewano. Chukua na vipande vya ndani, uvibandike nje ya gari. Mafundi wa filamu za anga za Marekani miaka ya 1970 walibandika vipande vya modeli za vifaru kwenye vyombo vyao.

3. Kuunganisha. Supa gluu, puti kwenye nyufa, msasa namba 400 kisha 800. Osha kwa sabuni.

4. Rangi. Praima (rangi ya msingi) ya kijivu, halafu kahawia ya kutu. Ikikauka, lowanisha sehemu chache, nyunyiza chumvi ya mawe, iache ishike, kisha puliza nyeupe. Ikikauka, sugua chumvi kwa mswaki, kutu inachungulia. Wengi humwaga chumvi kila mahali, gari likaonekana lina ukurutu. Nenda Mbagala Rangi Tatu ukaangalie daladala: rangi imelika anaposhika konda, ukingoni mwa mlango na kwenye ngazi. Pasipoguswa, ipo.

5. Vumbi. Wekundu wa Mirihi ni oksidi ya chuma, na unga mwekundu wa kutia sakafu ya saruji ni oksidi ya chuma vilevile. Vaa barakoa, paka kidogo kwa brashi kavu, sehemu za chini za gari. Malizia na vanishi isiyong'aa.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, rangi ya kopo la kupuliza imekauka na ukungu mweupe. Tatizo nini?*
Unyevu, hasa wakati wa masika. Tina ikiruka inapoza uso wa rangi, maji ya hewani yanatua juu yake. Subiri siku kavu, puliza tabaka jembamba. Mara nyingi ukungu unapotea.

*Nina rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti. Naweza kuanza nayo?*
Hapana, dada. Ukipuliza ya kopo juu yake inajikunja. Itumie mwisho, kwa vitu vidogo.

*Magurudumu je? Vifuniko vya chupa?*
Vya plastiki havishiki rangi. Kata soli ya kandambili kwa kipande cha bomba kilichonolewa. Nayo usiipulizie, rangi itapasuka soli ikibonyea; vumbi linatosha.