Usimning'inize Kuku Aliyemeza Msumari

Kuku wa nyumbani akionekana amemeza msumari, pini au kipande cha waya, wafugaji wengi bado humshika miguu na kumning'iniza kichwa chini, humkamua gole, yaani mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, ili atapike, na asipotapika hummiminia mafuta ya kupikia mdomoni. Tumelikataza jambo hili mara nyingi. Kuku ambaye huenda angepona mwenyewe hufa kwa sababu ya tiba hiyo.

Tundu la hewa la kuku liko nyuma tu ya ulimi, nalo halina kile kifuniko ambacho binadamu anacho cha kuzuia chakula kisipotee njia. Kuku akiinamishwa huku gole linabanwa, maji na chakula hurudi mdomoni na kuingia humo kwa urahisi, hivyo akapaliwa na kufa mkononi mwa mfugaji. Mafuta yakifika kwenye mapafu huleta nimonia, na kuku hufa siku kadhaa baadaye, wakati mwenye kuku ameshajisifu kwamba amemwokoa. Gole lenye kitu chenye ncha likiminywa, ncha hiyo hutoboa.

Mtenge kuku kwenye tenga au boksi lenye sakafu iliyotandikwa karatasi, ili uone kinyesi chake, na maji yawepo wakati wote. Jioni, anapokwenda kulala, papasa gole upande wa kulia wa kifua, chini ya shingo, kwa ncha za vidole bila kubonyeza. Papasa tena alfajiri kabla hajala chochote, kwa maana kipimo kinachofanywa saa nne, baada ya chakula, hakikuambii lolote. Alfajiri gole la kuku mzima huwa tupu. Likiwa bado limejaa, ni gumu au ni teketeke kama unga uliochacha, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Gole tupu si ruhusa ya kusahau. Kitu kimeshuka kwenye firigisi, na misuli yake inayosaga nafaka ndiyo inayousukuma msumari utoboe ukuta. Waya uliopakwa zinki humong'onyoka katika asidi ya tumbo na kumtia kuku sumu. Kwa hiyo aliyemeza chuma chenye ncha, waya wa wavu au madini ya risasi apelekwe siku hiyo hiyo, apigwe eksirei, hata kama anachakura kama kawaida. Aliyemeza risasi mayai yake yasiliwe, kwa kuwa sumu hiyo hupita hadi kwenye kiini. Ushanga mdogo laini hauhitaji haraka hiyo.

Ukitengeneza banda, kata waya juu ya turubai, kisha pitisha sumaku sakafuni kwa urefu na tena kwa upana kabla ya kuwarudisha kuku. Sumaku haiokoti shaba, alumini wala risasi. Hizo zitafutwe kwa macho, mchana. Kuku wanaokula nafaka nzima au majani wawekewe changarawe ngumu ya kusagia chakula kwenye firigisi, katika chombo chake, ya milimita 3 hadi 5 kwa wakubwa na 1 hadi 2 kwa vifaranga, wasije wakatafuta vijiwe vyao kwenye takataka za fundi. Maganda ya chaza huyeyuka tumboni, hayafanyi kazi hiyo, ingawa naona yanatumiwa hivyo kila mahali.

Aliyepona hula, hunya kinyesi kigumu chenye ncha nyeupe, na gole lake huwa tupu kila alfajiri.