Sanamu ya fundi viatu: igeuze kabla ya kulipa

Sanamu ndogo za kauri za fundi viatu na mkewe kutoka Staffordshire, Uingereza, zimenakiliwa mno, kwa hiyo anzia chini, si usoni. Za enzi za Malkia Victoria nyingi zilikandamizwa kwa mkono ndani ya kalibu la vipande viwili au vitatu. Ndiyo maana ni nzito, na tundu la kutolea hewa ni dogo, milimita chache tu. Nakala humiminwa kwa udongo wa majimaji: nyepesi, na tundu lake mara nyingi linapita sentimita moja. Usinunue kwa kuona tu mipasuko myembamba kwenye rangi ya juu inayong'aa, ukidhani ni dalili ya uzee. Ile iliyotandaa sawasawa mwili mzima, yenye rangi ya chai, huwa imetengenezwa makusudi.

Kisha beba tochi ya miale ya urujuanimno. Gizani, shingo na mkono ulioshika nyundo (ndipo panapovunjika) vikiwaka tofauti na sehemu nyingine, pamegundishwa na kupakwa upya. Omba bei ipunguzwe.

Nyumbani usiitumbukize majini kabisa! Maji huingia kwa lile tundu, hubaki ndani, na gundi ya zamani huachia. Kijiti cha pamba chenye unyevu kinatosha, na dhahabu iliyopakwa juu yake usiisugue.