Kadi Moja ya DOS Inayowaka Kuanzia 286 Hadi Pentium

Diski ya DOS, mfumo endeshi wa zamani, iliyofomatiwa kwenye kompyuta ya Pentium ukiihamishia kwenye ya 386 iliyo kongwe zaidi, mara nyingi kioo kinaandika "Missing operating system" na kunyamaza. Diski haijafa. Kila BIOS, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, ina hesabu yake ya silinda, vichwa na sekta, na hesabu zikipishana, sekta ya kuwashia inatafutwa mahali isipokuwapo. Kazi yote ni kuzifanya mashine zihesabu sawa.

Tafuta kadi ya CompactFlash ya 512MB, ile ya kamera za zamani, ikae badala ya diski, na adapta ya pini 40 ya IDE, kiunganishi cha diski za zamani. Adapta haina akili yoyote, inaunganisha nyaya tu, kwani kadi yenyewe inaongea IDE. Anza kuulizia Luthuli Avenue, Nairobi; kadi waulize pia mafundi wa kamera. Kadi ya 8GB iache hata ukipewa bure. BIOS nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zinakomea silinda 1024, vichwa 16 na sekta 63, yaani takriban 528MB. Kadi nyingi za 512MB zina 993/16/63, kwa hiyo zinaenea, na hata BIOS ya baadaye yenye LBA, inayohesabu sekta kwa namba moja mfululizo, kwa kawaida haizibadilishi. Ya 256MB, ajabu, inasumbua zaidi: nyingi zina sekta 32, na LBA huweza kuzigeuza 63.

Anzia kwenye mashine kongwe kuliko zote. Mstari mwekundu wa kebo ukae upande wa pini ya 1, jampa iwe Master (diski kuu), na adapta ipate umeme wa 5V kupitia ile plagi ndogo ya flopi. Usiichanganye na diski nyingine kwenye kebo moja. Kadi nyingine hazitaki jirani. Ndani ya BIOS chagua Type 47 au User, uandike 993, 16, 63, na Precomp 0. Kwenye Pentium andika namba zizo hizo, hali iwe Normal. Auto usiiguse.

Washa kwa flopi ya DOS 6.22. Kwa FDISK, programu ya kugawa diski, futa patisheni ya kamera, unda ya msingi, hakikisha ni Active, kisha washa upya:

FORMAT C: /S
FDISK /MBR

Hiyo ya pili ndiyo watu huruka. FDISK ikikuta alama ya 55AA iliyoachwa na kamera, hudhani msimbo wa kuwashia tayari upo na haiuandiki. Unabaki na kishale kinachopepesa tu.

Nakili faili za DOS kwenye C:\DOS. EMM386, kiendeshi cha kumbukumbu cha DOS, haifanyi kazi kwenye 286, kwa hiyo CONFIG.SYS iwe na menyu:

[menu]
menuitem=AT, Mashine ya 286
menuitem=MPYA, 386 na kuendelea
menudefault=AT, 10
[common]
FILES=30
DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
[AT]
DOS=HIGH
[MPYA]
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB

Ukitumia SMARTDRV, programu ya DOS ya kuharakisha diski kwa kumbukumbu, ongeza /X ili isicheleweshe kuandika. Stima ya Nairobi haibishi hodi ikiondoka, na kilichokuwa bado kwenye kumbukumbu kinaondoka nayo.

Kadi iliyowaka jana ikigoma leo, angalia betri ya CMOS, inayotunza mipangilio ya BIOS, kabla ya kufomati tena: ikiisha, BIOS inasahau zile namba tatu. Kwenye bodi za 286 na 386 nyingi ni pipa dogo la 3.6V lililochomelewa, nalo huvuja na kula njia za shaba. Likionyesha ukungu wa kijani, ling'oe siku hiyohiyo.

Laptopu yenye kisomaji cha USB itumie kunakili faili pekee. Ukifomati humo, kadi haitawasha DOS tena.