Mforosadi uani: usiogope kuukata

Mforosadi ukiachiwa ukue unavyotaka, utapata mti mrefu wenye matunda ambayo wewe huyafikii lakini ndege na popo wanayafikia bila shida.

Forosadi huzaa kwenye matawi machanga. Ukikata tawi kuukuu, chipukizi hutoka na vishada vidogo vya kijani kwenye makwapa ya majani, na hivyo vishada ndivyo matunda yenyewe. Kwa hiyo mavuno yakiisha, ushushe mti hadi usawa wa kifua. Ondoa matawi makavu na yanayosuguana, tumia panga kali au mkasi wa kupogolea, na utomvu mweupe ukitoka usihangaike. Ila mti uliokatwa unataka maji. Kwa walio Newala au Tandahimba, mkoani Mtwara, ambako maji ya kiangazi ni ya kuhesabu ndoo, ni bora kungoja Novemba, mvua zikiwa karibu. Mwenye kisima anaweza kukata kiangazi pia akavuna mara ya pili.

Kupanda ni kama mihogo, kwa pingili. Chagua tawi lililokomaa, lenye gome la kahawia, unene wa penseli, ukate sentimita 20 hadi 25 zenye macho matatu au zaidi. Macho yatazame juu, na theluthi mbili ya pingili iingie udongoni. Adui mkubwa ni mchwa, anayekula pingili kabla haijatoa mizizi. Ndiyo maana napendelea kuanzia kwenye viriba (mifuko ya kuoteshea miche) kivulini, kisha kuhamishia shambani Desemba mvua zikishakolea. Acha mita 2 hadi 3 kati ya miche, na matandazo yasiguse shina. Mchanga wa pwani unafaa ukiongezewa samadi iliyooza. Penye maji yanayotuama usipande.

Zungushia miba, mbuzi wanayapenda mno majani yake. Na usipande karibu na kamba ya kuanikia nguo. Doa la forosadi kwenye kanzu nyeupe litakugombanisha na watu wa nyumbani.

Matunda hayaivi kwa pamoja. Jekundu bado ni kali. Jeusi lililoiva hung'oka ukiligusa tu. Tandika turubai, tikisa tawi taratibu. Kama jirani anapuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho, osha vizuri kabla ya kula. Kwa joto letu hayalali siku mbili, hivyo yasiyopata mnunuzi mtaani yapikwe jemu au yakamuliwe juisi siku hiyohiyo.