Miti ya Kupanda Kwenye Makazi ya Wazee, Tabora

Mvua za Novemba zikianza kushika, wazee huletewa miche, ikapandwa siku hiyo hiyo popote palipo wazi. Hapo ndipo tunapokosea. Kabla ya kushika jembe, tembea na wazee uwanjani saa nane mchana mwezi Oktoba, jua likiwa kali. Waulize wanapenda kukaa wapi, na usiku wanapita wapi kwenda msalani.

Mwembe ndio mti wa Tabora, na kivuli chake hakina mpinzani. Lakini embe lililoiva likianguka njiani ni utelezi, na mzee akivunjika nyonga kupona ni kazi. Uweke mita nane au zaidi kutoka ukutani, mbali na njia. Njiani panda mwarobaini: unahimili kiangazi chetu kirefu, na ukiupogolea mapema matawi ya chini hayatamgonga mtu kichwani. Mkaratusi usiukaribishe kisimani.

Minyaa ni uzio wa asili na wengi tumeikuta kwa babu zetu. Hata hivyo utomvu wake ukiingia machoni unaunguza vibaya, unaweza hata kupofusha kwa muda. Mzee asiyeona vizuri asiwekewe minyaa karibu na benchi wala mlango. Vivyo hivyo mbono kaburi, mbegu zake ni sumu, na wajukuu huja kutembea.

Kuhusu matunda nina msimamo: mzee apande mti atakaoula. Mwembe wa kokwa unaweza kumsubirisha miaka sita na zaidi. Uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kikonyo cha mwembe mwingine, huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Mpapai ukitunzwa huzaa ndani ya mwaka mmoja hivi, nao ni laini kwa asiye na meno. Anza na huo.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Changanya udongo wa juu na debe la samadi iliyooza sawasawa, maana mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Chana kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, ukitoe chote, na kovu la kubebeshea libaki juu ya udongo. Matandazo, yaani nyasi kavu za kufunika udongo, yasiguse shina. Mchwa wa huku hawahitaji daraja.

Kiangazi, asiyeweza kubeba ndoo apewe chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako na kutobolewa kizibo. Aisimike kichwa chini kando ya mche, aijaze kwa kikombe, maji yadondoke taratibu mizizini.